Mwacha Asili ni Mtumwa



Yapo maneno ambayo hayapendezi kuambiwa, lakini mwenye kukutakia kheri huyasema. Leo nataka kusema na wazazi wenzangu wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na wa visiwani Unguja na Pemba, juu ya namna tunavyowasomesha watoto wetu kazi za mitambo: kompyuta, simu, umeme na mfano wa hayo. Nasema kwamba tumeshika tawi tukaliacha shina. Na mwenye kuning'inia tawini, siku tawi likatikapo, huanguka nalo.

Tazama mambo yalivyo. Mtoto amalizapo kidato cha nne, mzazi huuliza: "Wapi wanafundisha kompyuta kwa muda mfupi?" Akatafutiwa chumba chenye mashine chache, ada ikalipwa, tena mara nyingine kwa mkufu wa mama uliouzwa. Baada ya miezi mitatu mtoto anarudi na karatasi yenye muhuri, ikatiwa kioo, ikatundikwa ukutani karibu na picha ya babu. Majirani wakaambiwa kuwa fulani sasa ni mtaalamu. Muulize basi huyo mtaalamu: maandishi uliyoyaandika yamekaa wapi ndani ya mashine hii? Kwa nini mashine imekuwa nzito? Hizi tarakimu ulizozijumlisha, zikitoka na jibu lisilo sawa, utajuaje? Hatajibu, si kwa kuwa ni mjinga, bali kwa kuwa hakufundishwa. Alifundishwa abonyeze hapa, kisha abonyeze pale. Siku kile cha kubonyeza kitakapohamishwa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, elimu yake yote imekwisha.

Na vitu hivyo huhamishwa. Miaka ya 1990 vyumba vya namna hiyo vilifundisha WordPerfect na Lotus 1-2-3, na vyeti vikatolewa kwa majina hayo. Leo ni nani atakayekuajiri kwa kuwa unajua WordPerfect? Programu iitwayo Flash, ambayo vijana wengi duniani waliifanya ndiyo kazi yao, wenyewe walioimiliki waliifunga mwishoni mwa mwaka 2020. Lakini yule aliyefahamu hesabu za mizania, akajua kwa nini upande wa kutoa na upande wa kupokea lazima ulingane, aliiacha Lotus asubuhi akashika nyingine jioni, na mshahara wake haukusita hata siku moja. Wawili hawa walikaa benchi moja. Mmoja alijifunza chombo, mwingine alijifunza kazi.

Nitatoa mifano yangu kutoka mahali ambapo wengi wetu hatupatazamii: Karagwe na Kyerwa, huko mkoa wa Kagera, mpakani na Rwanda na Uganda. Nimepachagua kwa makusudi. Sisi watu wa pwani tuna maradhi ya kudhani kwamba kila kilicho cha maana kilipanda kutoka kwetu kikaenda bara. Basi na tupande sisi leo, tukasome.

WALICHOKIKUTA BABU ZETU

Wafanya biashara wa pwani walifika Karagwe kabla ya Mzungu yeyote. Walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange alipokaa mfalme Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwa mfalme huyo mwaka 1861 waliwakuta watu wetu wamekwisha tangulia, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Kafuro tajiri mmoja, Ahmed bin Ibrahim, amekaa miaka mingi. Walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe.

Na hawakukuta nchi tupu. Walikuta ufalme ambao heshima yake ilisimama juu ya chuma. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, imejaa vitu vya chuma na shaba vilivyofuliwa na mafundi wa nchi. Na kwa jirani zao Wahaya, pale Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Wakati huo hapakuwa na Kilwa wala Mombasa tuzijuazo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ufundi huo wa kuyeyusha ulikufa katika karne ya 20, kwa sababu chuma cha Ulaya kilikuja kwa bei rahisi na jembe la dukani likashinda jembe la tanuri. Ikapita miongo. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwaendea wazee wa Kihaya ambao waliifanya kazi hiyo ujanani mwao, akawaomba waifanye tena. Wazee wale hawakuwa na kitabu. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakachoma humo majani ya kinamasi, wakajenga tanuri kwa mavi ya chuma ya zamani, wakaingiza mabomba ya udongo na kuvukuta mivukuto. Mara za kwanza mambo hayakutengenea. Wakakaa, wakafikiri, wakabadilisha hili na lile, wakarudia. Mwishowe chuma kikatoka. Habari yao ikaandikwa mwaka 1978 katika jarida kubwa la sayansi la Marekani, na wataalamu wa nchi za mbali wakaisoma kwa mshangao.

Nakuuliza, ndugu yangu: wazee wale walikuwa na nini? Lau wangalikuwa wamehifadhi tu kwamba "mkono uende hivi, jiwe liwekwe pale", basi tanuri lilipogoma mara ya kwanza wangalisema, "Tumesahau," wakaenda zao nyumbani. Wao walijua moto. Walijua pumzi ya mvukuto inafanya nini ndani ya mkaa, na mkaa unalifanya nini jiwe. Kwa hivyo walipokosea waliweza kuliuliza kosa lenyewe, nalo likawajibu. Huo ndio nuio asili.

Tena tazama wahunzi, yaani wenye kufua. Wao kuyeyusha kulipokufa hawakufa nako. Walichukua springi za magari mabovu na vyuma chakavu, wakavitia motoni, wakafanya mapanga, mundu na majembe. Lango moja lilipofungwa walipita lango jingine, kwa sababu mtu ajuaye tabia ya chuma kikiwa chekundu hajali kimetoka mlimani au kimetoka chini ya lori.

BATI LA KYERWA

Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya yake mwaka 2012. Humo mna machimbo ya bati tangu enzi za Waingereza. Na nikisema bati sikusudii bati la kuezekea, bali madini yenyewe. Vijana wanachimba kwa sururu na koleo, wanaosha mchanga, wanauza.

Unajua bati linakwenda kufanya kazi gani? Kazi yake kubwa ulimwenguni ni ile lehemu, ambayo mafundi wetu wa redio huiita risasi. Kila simu iliyo mfukoni mwako, kila kompyuta na kila televisheni, vipande vyake vimeshikanishwa kwa bati. Kwa hivyo yamkini kijana wa Kyerwa anauza mchanga kwa kilo, kisha anarudi sokoni kununua simu ambayo ndani yake mna madini ya kwao, na ikiharibika hakuna kijijini awezaye kuifungua. Nani mtumwa hapo, na nani bwana? Mwenye mchanga au mwenye kujua?

Na katika lehemu hiyo hiyo mna fundisho kwa mafundi wetu wa Kariakoo, Darajani na Mwembe Tayari. Lehemu ya zamani ilikuwa ni bati lililochanganywa na risasi ya kweli, nayo ilianza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kwa kuwa risasi ni sumu, nchi za Ulaya zilipiga marufuku vyombo vingi vyenye lehemu hiyo kuanzia Julai 2006, na viwanda vingi duniani vikafuata. Lehemu mpya, ya bati na fedha kidogo na shaba kidogo, haiyeyuki mpaka ifike kama nyuzi 217. Fundi aliyefundishwa kwamba "pasi iweke alama ya tatu" aliona vyombo vipya vinamshinda. Mmoja aliilazimisha lehemu isiyotaka kuyeyuka, akang'oa njia za shaba kwenye bodi. Mwingine alichanganya ya zamani na mpya bila kujua, na kiungo kikaachia baada ya mwezi. Wakasema vitu vya siku hizi ni vibovu. Lakini fundi aliyefahamu kwamba kila madini yana joto lake, na kwamba mchanganyiko ukibadilika joto nalo hubadilika, alipandisha moto kidogo, akapunguza muda wa kugusa, akaendelea na kazi. Hakuhitaji semina. Jambo moja la asili lilimtosha.

UMEME WA JUA NA UMEME WA NGUZO

Mfano wa tatu nao ni wa Karagwe. Tangu mwaka 1993 jumuiya ya maendeleo ya huko, KARADEA, iliweka mahali pa kufundishia mafundi wa umeme wa jua, wakati ambapo katika miji mingi ya pwani jambo hilo lilikuwa bado ni hadithi. Siku zile vyombo vilikuwa ni paneli, betri nzito ya maji yenye volti 12 na taa za mirija. Leo betri nyingi ni za lithiamu, taa ni hizi ndogo zisizokula umeme, na kampuni zinauza vifurushi vilivyofungwa tayari, vya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kisha nguzo za umeme wa serikali zikaanza kuingia vijijini, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007.

Mafundi wamekumbwa na mageuzi matatu ndani ya miaka 30. Mwenye kujua rangi za waya tu ameachwa njiani. Lakini ipo hesabu moja isiyobadilika: volti mara ampea ni wati. Taa ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 inakula ampea 1. Betri ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu yake ili isife mapema, itaiwasha taa hiyo saa 50. Mzigo wa wati 60 kwenye volti 12 unavuta ampea 5. Mzigo huo huo kwenye umeme wa nguzo wa volti 230 hauvuti hata theluthi ya ampea moja. Kwa sababu hiyo waya wa betri ni mnene na waya wa nguzo ni mwembamba. Na kwa sababu hiyo pia usidanganyike na wembamba ule: volti 12 hazikutetemeshi, lakini volti 230 zinaua. Fundi asiyejua tofauti hiyo, akatoka kwenye betri akaingia kwenye nguzo kwa ushujaa, hatunyang'anywi na soko tu; tunanyang'anywa na kaburi.

Aliyeyagundua mahusiano ya volti, ampea na ugumu wa waya, Georg Ohm, aliyaandika mwaka 1827. Hebu nitajie chombo chochote cha mwaka 1827 kilichoko dukani leo. Chombo kimekufa, na kanuni ingali hai.

WANAOPINGA, NA JAWABU LAO

Najua nitajibiwa. Wako wasemao: "Sheikh, dunia inakwenda mbio. Mambo ya shina yanachukua miaka. Mfundishe mtoto wepesi wa kugeuka, basi." Nawaambia kwamba wepesi wa kugeuka haufundishwi peke yake, kama vile kivuli kisivyouzwa bila mti. Mpepea na bendera zote zinageuka upepo ugeukapo. Mmoja anazaa, nyingine inachanika. Wahunzi wa Karagwe waligeuka kwa sababu walijua. Anayegeuka bila kujua, huyo anasukumwa.

Wako wasemao: "Njaa haingoji. Kijana anataka kula leo." Hili ni neno la haki, na silikatai. Maskini hawezi kuambiwa asome miaka sita tumbo likiwa tupu. Lakini mimi sikusema asijifunze chombo. Ajifunze, apige chapa za watu, afungue kibanda cha simu, apate chake. Ninalolisema ni kwamba jioni asifunge kibanda akaenda kukaa barazani mpaka usiku wa manane. Saa moja kila usiku aitoe kwa hesabu na kwa kujua kwa nini. Mchana umlishe yeye, na usiku uwalishe wanawe.

Wako wasemao, na hawa ndio wapya: "Siku hizi mashine inajibu yenyewe. Unaiuliza, inakuandikia programu, inakupigia hesabu. Asili ya nini tena?" Subhanallah! Ikiwa mtumishi wako anasema kwa ufasaha, na mara moja moja anasema uongo kwa ufasaha ule ule, je, hapo unahitaji kujua zaidi au kujua kidogo? Mashine hizo hukosea, na hukosea bila kuona haya. Asiyejua asili atalipokea kosa kwa mikono miwili akalipeleka kwa tajiri wake. Tena kazi ya kwanza kuchukuliwa na mashine hizo ni ile ya kubonyeza hapa na pale, ambayo ndiyo tuliyowalipia watoto wetu ada.

Na wako wasemao, "Mambo hayo ni ya Wazungu, sisi yetu ni ya chuoni." Hawa wameisahau historia yao. Neno lenyewe ambalo wataalamu wa kompyuta hulitumia kwa hatua za kutatua jambo, algoriti, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Na neno aljebra limetoka katika anwani ya kitabu chake. Yeye hakuwa na mashine. Alikuwa na utaratibu wa fikira, na utaratibu huo ndio uliomo ndani ya kila mashine leo.

Isitoshe, sisi wa chuoni ndio tungalipaswa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Mwanafunzi wetu haanzi na tafsiri. Anaanza na alifu, kisha irabu, kisha nahau na sarufi. Aliyefahamu sarufi humpa kitabu ambacho hajapata kukiona, akakisoma. Aliyehifadhi kurasa kumi bila sarufi, ukurasa wa kumi na moja humwangusha. Wanavyuoni wetu waligawa elimu kuwa usuli na furui, mashina na matawi, wakasema huwezi kuwa bingwa wa matawi ukiwa huna mashina. Mbona hekima hiyo tunaiacha mlangoni mwa chuo, tukifika kwenye kompyuta tunanunua matawi makavu?

LA KUFANYA

Sipendi kukuacha na lawama tupu. Kabla hujalipa ada, mwendee huyo mwenye kufundisha, umwulize mambo manne.

Kwanza, je, mwanangu atasoma hesabu? Akikwambia hazihitajiki, rudi nyumbani na fedha zako.

Pili, je, atafungua chombo akaona kilichomo, na atakitengeneza kilichoharibika, au atatazama tu?

Tatu, akiuliza "kwa nini", atajibiwa au atanyamazishwa?

Nne, ikiwa programu hii mnayofundisha itaondolewa kesho, ni kitu gani atabaki nacho?

Tena vyuo vya serikali vya ufundi vipo, VETA, na Kagera wamejengewa chuo cha mkoa pale Burugo; na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari. Usimdharau mtoto aendaye huko ukamwita aliyeshindwa. Dharau hiyo ndiyo iliyotufanya tuwe na makarani wengi wasio na kazi, na mabomba yetu yakatengenezwa na watu wa mbali.

Wala usiseme haya ni ya watoto wa kiume. Binti aliyeketi ndani akijua hesabu na mitambo, kazi nyingi za zama hizi zinamfuata alipo, naye na stara yake. Kumnyima shina na kumpa cherehani peke yake, halafu kulalamika kwamba wajane wanahangaika, ni dhuluma tunayoifanya kwa mikono yetu.

Na nyumbani fanya jaribio dogo. Mpe mwanao tochi mbovu, umwambie: "Sitaki uitengeneze. Nataka unieleze kwa nini haiwaki." Akikueleza njia ya umeme kutoka betri mpaka taa na kurudi, mshukuru Mola na mwalimu wake. Akikwambia, "Tununue nyingine," basi ujue umenunua karatasi.

Babu zetu walikwenda Karagwe kwa miguu miezi kadhaa kutafuta pembe. Walipita mbele ya watu wanaojua siri ya moto na chuma, wakaitazama kama kitu cha washenzi, wakarudi na pembe. Pembe zimekwisha. Elimu ya wale wazee iliweza kuamshwa mwaka 1976 baada ya kulala nusu karne. Chagua basi, ewe mzazi, ni lipi kati ya mawili hayo utamwachia mwanao.

Wabillahi tawfiq.